Mwavuli Shingoni mwa Housabai

Katika mtaa ulio nyuma ya soko la nafaka, mjini Miraj, bibi harusi anayevuka kizingiti cha wakweze bila ubeti wa Housabai Patole huonekana kama ameolewa kwa haraka. Mawifi humzuia mlangoni na kumtaka amtaje mumewe. Mwanamke wa kwetu halitaji jina hilo hivi hivi, kama anayeita mbuzi. Hulifunika ndani ya ubeti wenye vina, ndipo hulitoa. Wasichana wa siku hizi wana shahada za uhasibu, lakini vina hawana, na mawifi hawasamehe. Kwa hiyo huja kwa Housabai siku chache kabla ya harusi, na jina la bwana mdomoni mwa shangazi zao.

Housabai ana miaka sitini na ushei, ingawa mwenyewe humtajia kila mtu umri unaomfaa msikilizaji. Mumewe, Mzee Nivruti, ana mashine ya kusaga nafaka katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Kelele za mashine zimemla nusu ya masikio, na mtaani husemwa kuwa nusu hiyo ndiyo iliyoiokoa ndoa. Housabai hajawahi kumwita kwa jina. Humwita Baba Vilas, kwa kumtaja mtoto wao mkubwa. Akikasirika humwita "mnasikia?", kwa wingi wa heshima, akijua vizuri kwamba hasikii.

Balaa lilianzia harusini. Binti wa jirani alikuwa akipelekwa kwa mumewe, kijana aitwaye Shrihari, na Housabai alifuatana naye kama mama wa kumsindikiza. Mlangoni mawifi walisimama mikono kiunoni. Housabai akasogeza mdomo kwenye sikio la bibi harusi na kumpa mstari wa kwanza, binti akautoa kwa sauti:

"Chai ya kwanza ukweni, sitaitia sukari…"

Akangoja wa pili. Haukuja. Housabai alikuwa akitazama sinia la manjano na unga mwekundu wa baraka alilolishika, na mkono wake wa kulia ukalilegeza taratibu mpaka likaanguka. Alifungua mdomo, ukatoka mlio ambao haukuwa neno.

"Ati chai bila sukari!" akasema mama wa bwana harusi. "Hata ndani hajaingia, tayari anatupangia jikoni?"

Watu walicheka. Binti alibaki na mguu mmoja hewani. Baadaye kidogo, Housabai alipokuwa ameketishwa chini ya feni, mkono ulirudi na maneno yakarudi, na jambo la kwanza alilosema, kwa hasira, lilikuwa mstari uliopotea: "Utamu nimeupata, kwa mume wangu Shrihari." Lakini bibi harusi alikwisha kuingizwa ndani kwa jina tupu, kama mzigo.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jua kali. Kijicho. Mama wa bwana harusi alisema ni uchoyo, kwamba Housabai aliuficha mstari wa pili ili amwekee mtu mwingine. Surekha pekee, mke wa Vilas, hakutoa maelezo. Alimwingiza mama mkwe wake kwenye riksha na kumpeleka hospitalini.

Daktari waliyemkuta anaitwa Kurian. Alitoka Kerala, kusini kabisa mwa India, na Kimarathi, lugha yetu, amekiokota kwa wagonjwa, kwa hiyo anajua kuuliza habari za choo, homa na maumivu vizuri kuliko kuuliza habari za nyumbani. Aliwaonyesha picha ya mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto.

"Hapa kuna mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa," alisema. "Njia ya damu imebaki kama uzi. Siku ile chembe moja ilikatika, ikapanda kichwani, ikaziba kidogo, ikayeyuka. Nyingine inaweza isiyeyuke. Hicho ndicho kiharusi chenyewe."

"Si mkate shingo mtoe?" akauliza Housabai.

"Shingo yako ilishakatwa ulipotolewa uvimbe wa tezi. Kuna kovu gumu. Kwako tutapitia pajani, kwa mrija mwembamba, tupande mpaka shingoni. Tutajaza puto dogo kuipanua njia, halafu tuache kijibomba cha wavu kiishikilie."

"Na uchafu mtakaousukuma uende wapi?"

Daktari akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ndilo swali lenyewe. Akamweleza kwamba kabla ya kugusa mahali penye mafuta, waya hupitishwa mpaka ng'ambo yake, na huko hufunguliwa mwavuli mdogo wa wavu. Damu hupita, chembe hubaki. Kazi ikiisha mwavuli hufungwa na kutolewa pamoja na kilichonaswa.

"Yaani chujio la chai."

"Ndiyo, bibi. Ila ukubwa wake ni kama punje ya pilipili manga."

"Na chai ikipita pembeni ya chujio?"

"Hutokea, kwa wachache. Siwezi kukuahidi vinginevyo. Na upande huu wa kushoto ndio unaolisha sehemu ya ubongo inayotawala mkono wa kulia na maneno."

"Kati ya hivyo viwili, huchukua kipi kwanza?"

"Haichagui."

"Ingechagua ningeipa mkono," akasema Housabai. "Mkono ninao mwingine, tena nina mkwe."

"Ahsante, mama," akasema Surekha. "Mimi sijaulizwa."

Housabai alifanya utani pale mbele ya daktari, lakini nyumbani Surekha aliona mengine. Msichana mmoja alikuja kutaka ubeti, Housabai akamrudisha, akasema ana kikohozi. Hakuwa na kikohozi. Jikoni, akikanda unga wa mtama, alisikika akijitajia vitu polepole kama mtoto wa darasa la kwanza: bizari, kitunguu saumu, ukwaju, sufuria, mwiko. Akikwama kwenye kimoja alisimamisha mikono ndani ya unga mpaka kije. Housabai bila mkono wa kulia angebaki Housabai. Bila maneno angekuwa bibi mmoja tu anayeketi nyuma ya mashine ya unga, na alilijua hilo kuliko daktari.

Shida nyingine ilikuwa kichwa. Daktari alisema asikitikise hata kidogo wakati mwavuli uko ndani, kwa sababu shingo ikisogea, waya husogea. Housabai alikubali kwa kukitikisa kichwa kulia na kushoto, jinsi tunavyokubali sote huku.

"Hivyo ndivyo usifanye," akasema daktari.

"Sijafanya kitu."

Kwa hiyo kila alasiri Surekha alimlaza sakafuni, akamtua kikombe cha bati chenye maji kwenye paji la uso, akamuuliza maswali.

"Mama, chai iko tayari, unataka?"

Maji yakamwagika.

"Mama, mwanao anakuja Jumapili?"

Maji yakamwagika.

"Mama, ni kweli mimi napika vizuri kuliko wewe?"

Kikombe kilitulia kama kimegandishwa.

"Umeona?" akasema Housabai kwa mdomo. "Nikitaka ninaweza."

Siku ya kazi yenyewe ilianza na ugomvi wa mkufu. Shanga zake nyeusi za ndoa zilikaa hasa pale picha ilipotakiwa kupigwa, na mke hazivui shanga hizo mume akiwa hai. Nesi wa chumba kile, dada aitwaye Prajakta, alipendekeza apewe mumewe azishike. Housabai akamtazama kama aliyependekeza mume mwenyewe avuliwe. Mwisho zilizungushwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto na kufungwa kwa bendeji, na Nivruti, aliyesikia labda robo ya mabishano, alitoa kofia yake nyeupe, akaivaa tena, akaenda kuketi kwenye benchi nje ya mlango.

Wagonjwa wa kazi hii hawalazwi usingizi. Hutiwa ganzi pajani tu, kwa sababu njia nyepesi ya kujua kama ubongo uko salama ni kuuliza. Kwenye mkono wa kulia Housabai alipewa bata wa mpira anayelia akiminywa.

"Nimelea wana na wajukuu," alisema, "leo nimerudishiwa mdoli."

"Minya, bibi," akasema Prajakta.

Bata akalia.

"Unaitwa nani?"

"Housabai Patole."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, siku ya umeme kukatika mtaani kwetu. Hapa mna jenereta, au huu mrija wenu utabaki njia panda?"

"Ipo jenereta. Usitikise kichwa."

"Nimetikisa? Macho ndiyo yametikisika."

Waya ulipita mahali pembamba bila fujo. "Mwavuli umefunguka," akasema Daktari Kurian, zaidi kwa nafsi yake. Puto lilipojaa, moyo wa Housabai ulipungua mwendo, kama itokeavyo mshipa huo ukibanwa, na akasema kwa sauti ndogo, "Nazama." Wakampa dawa ya kuuamsha moyo. Rangi ikamrudia. Kijibomba kikaachiwa mahali pake, kikatanuka, na kwenye picha njia iliyokuwa uzi ikawa njia.

Lakini juu yake damu ilipita kwa uvivu. Hilo huwa na maana mbili. Ama mwavuli umejaa, yaani umefanya kazi yake, ama kuna kitu kimeupita na kuziba mbele zaidi. Daktari alimwambia Prajakta aulize tena.

Prajakta alikwisha kutumia maswali yake ya kawaida. Akachukua la kwanza lililomjia, ambalo kwake lilikuwa jepesi kuliko yote. Prajakta ni wa kizazi kingine. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa kwenye simu na mumewe akisema, "Amit, wewe Amit, toa nguo kwenye kamba mvua inakuja."

"Bibi, mumeo anaitwa nani?"

"Baba Vilas."

"Vilas si mwanao?"

"Ndiyo mwanangu."

"Basi mumeo ni nani?"

"Si huyo huyo, baba yake."

Daktari akainua kichwa. "Anachanganya mume na mtoto?"

"Kama vile," akasema Prajakta. Sauti yake haikuwa na mzaha sasa. "Bibi, nisikilize. Jina la mumeo. Lake yeye mwenyewe."

Housabai akanyamaza.

"Bibi Housabai, minya bata."

Bata akalia kwa nguvu, mara mbili mfululizo, kama anayetukana.

"Mkono upo," akasema daktari. "Maneno yameondoka."

Alikuwa na la kuchagua, na muda wa kuchagulia haukuwepo. Angeweza kuutoa mwavuli na kumaliza. Au angeweza kupanda juu zaidi, ndani ya ubongo wenyewe, kwa waya mwembamba kuliko huu, kuitafuta chembe iliyoponyoka. Safari hiyo inaweza kumrudishia mgonjwa maneno. Inaweza pia kutoboa kile ambacho hakikuwa na tatizo. Mtu haifanyi kwa kubahatisha, na ubongo unaokosa damu haumpi mtu nafasi ya kutafakari.

"Leteni ule waya mwembamba," alisema. "Ufungueni."

Upande wa pili wa shuka, Housabai alikuwa na shughuli zake. Aliieleza baadaye mtaani mara nyingi kiasi kwamba hakuna asiyeijua. Swali alilielewa vizuri sana. Alitaka kujibu. Lakini ubeti wa kwanza uliomjia ulikuwa ule aliomtungia mke wa mfinyanzi, ambaye mumewe naye ni Nivruti, akaukataa: amtaje mumewe kwa vina vilivyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine? Wa pili ulikuwa na "kiti", na kiti hakikuwa na uhusiano na lolote. Wa tatu ulikuwa na "miti", na humo chumbani hamkuwa na mti. Tena hakuruhusiwa kutikisa kichwa, na yeye hajawahi kutunga kichwa kikiwa kimetulia. Aliwasikia wakihangaika na vifaa, akadhani wanafunga kazi.

"Bibi!" Prajakta alikuwa ameinama juu yake. "Bibi, sema jina! Sema lolote!"

Housabai akasafisha koo, kwa uangalifu, bila kusogeza shingo.

"Kichwa mmenikataza, nimebaki na sauti;
Anayengoja benchini, ni bwana wangu Nivruti."

Mkono wa daktari ulisimama hewani.

"Amesema nini?" akauliza. "Ni maneno, au ni kelele tu? Yana maana?"

Prajakta alikuwa amegeukia ukutani, mabega yakimtikisika. "Yana maana, daktari," alisema alipoweza. "Yana na vina."

"Vina?"

"Mumewe anaitwa Nivruti. Hawezi kulitaja hivi hivi. Mama mkwe wangu naye yuko hivyo hivyo. Kosa ni langu, nilisahau kwamba siongei na mtu wa rika langu."

"Basi angesema hawezi!"

"Nani hawezi?" Housabai akauliza kutoka mezani. "Mimi nimesema. Mlitaka nikose vina mbele ya watu na mashine zote hizi?"

Daktari Kurian alifumba macho kidogo. "Waya mwembamba rudisheni," akasema. Kisha akauliza kama kuna ubeti mwingine, kwa uhakika tu. Akaambiwa huo mmoja unatosha kwa swali moja.

Akaufunga mwavuli, akauvuta chini polepole, na damu ikapanda kwenye picha bila uvivu wowote. Alipoukung'uta juu ya kitambaa cheupe, zilitoka chembe za manjano, za ukubwa tofauti, kama semolina iliyomwagika jikoni. Akamletea Housabai aone.

"Hizi ndizo zilizokuwa zinakwenda juu?"

"Hizi."

"Ipi hapa ingechukua maneno?"

"Yoyote."

Housabai alizitazama. Kwa sauti ndogo akajitajia bizari, ukwaju, mwiko, na safari hii hakuna aliyemuuliza kitu.

Habari ilifika benchini kwa njia ya Surekha, ambaye humsemesha baba mkwe wake kwa kelele za sokoni, kwa hiyo ilifika pia kwa korido nzima, kwa mwuza ndizi wa dirishani na kwa wagonjwa wa mifupa.

"Baba! Amepona! Anasema!"

"Anasema nini?"

"Ametunga ubeti!"

"Ubeti gani?"

Hapo Surekha akakwama. Mkwe naye hamtaji baba mkwe kwa jina, sembuse kwa kelele, kwenye korido ya watu. Alijaribu mstari wa kwanza, akaufikisha salama, wa pili akauacha na kuonyesha kwa kidole. Nivruti akatazama nyuma yake kuona ni nani anayeonyeshwa. Mwishoni Prajakta, asiye na mwiko wowote, aliinama akaumimina wote sikioni mwake.

Nivruti akafikiri.

"Kweli niko benchini," alisema.

Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Prajakta anasema hakuwahi kumwona mtu akitabasamu kwa kujificha namna ile, kama aliyekula kitu siku ya mfungo.

Wodini Housabai alilazwa mguu ukiwa umenyooshwa, asikunje, ili jeraha la pajani lifunge. Manesi walipita mara kwa mara kumpima maneno, na habari zilikwisha kuwatangulia: kila nesi, hata wa wodi za mbali, aliona ni wajibu wake kuuliza jina la mume. Housabai alimpa kila mmoja ubeti mpya. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekatwa nyongo, aliomba ahamishwe kwa sababu kucheka kulimvuta nyuzi.

Sasa yuko nyumbani, anakunywa vidonge vya kulainisha damu, na wasichana wanaletwa tena na shangazi zao. Maneno yake yote yapo. Surekha anadai yameongezeka. Aliyebadilika ni Nivruti.

Kwa miaka yote ya ndoa yao Nivruti alipenda mashine yake kwa sababu ilimpa utulivu wa aina fulani. Siku hizi anasaga kidogo, anasimama, anageuza kichwa kuelekea jikoni. Mashine ikinguruma hawezi kujua kama mkewe anasema au amenyamaza, na kunyamaza ndiko kunakomtisha. Kwa hiyo huuzima mtambo, mkanda ukaachia, vumbi la unga likatua, na foleni ya wanawake wenye makopo ya mtama ikaanza kunung'unika. Unga wa mtaani umekuwa wa mafungu mafungu: nusu laini, nusu chenga.

Juma lililopita alifanya hivyo mara ya tatu juu ya kopo la mwanamke mmoja, mke wa fundi cherehani.

"Mzee, mtama wangu umo ndani!" akapiga kelele. "Washa! Kuna nini tena?"

Nivruti aliinua mkono wenye unga.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nasikiliza."